Mpira Ulioanguka Katikati

Hakuna anayegombea kazi ya kuandika mchezo wa softiboli. Mwamuzi hutukanwa papo hapo uwanjani, watu wakaondoka, yakaisha. Mwandishi hufuatwa mpaka nyumbani. Mimi nimewahi kufuatwa hata sokoni, nimeinama nachagua nyanya, na mama mmoja aliyetaka nimweleze kwa nini nilimwandikia binti yake kosa wakati mpira ulimruka wenyewe. Nilimwambia mpira hauna akili ya kumruka mtu. Hajanisamehe mpaka leo.

Maana kazi yenyewe ni hiyo. Mwamuzi anasema mchezaji katoka au hajatoka, basi, amemaliza. Mimi nakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, karatasi magotini, naamua jambo ambalo hakuna mwingine uwanjani analiamua: mpigaji amefika kituoni kwa ufundi wake, au kwa uzembe wa aliyekuwa akilinda? Kwa ufundi naandika hiti. Kwa uzembe naandika kosa, na kosa lazima liwe na mwenyewe. Huwezi kuandika kwamba walikosea. Unaandika namba ya mtu mmoja.

Nilijifunza kwenye semina ya walimu wa michezo hapa Morogoro Mjini, siku ambayo walimu wenzangu wote waligundua kwamba wana udhuru. Nafundisha hesabu, na mkuu wangu wa shule alidhani mtu wa hesabu hawezi kushindwa na karatasi yenye vijisanduku. Mkufunzi alitupa kipimo kimoja. Jiulize kama mlinzi wa kawaida, kwa juhudi ya kawaida, angeudaka ule mpira. Angeudaka, ni kosa. Asingeudaka, ni hiti. Nikamuuliza kawaida ya wapi, kwa sababu uwanja wetu uko chini kabisa ya mlima, kila masika unashushiwa mawe, na mpira ukigonga jiwe Mungu ndiye anayejua unaelekea wapi. Akacheka, akasema kawaida ya hapo hapo mlipo.

Akaongeza mambo mawili. Mlinzi akikosea kwa kichwa tu, kwa kusita au kuamua vibaya, huyo haandikiwi kosa. Na mpira ukipaa ukaanguka katikati ya walinzi wawili, kila mmoja akimwachia mwenzake, tazama kama yupo mmoja ambaye bila shaka yoyote mpira ulikuwa wake. Akiwepo, mwandikie yeye. Ukiwa na shaka, mpe mpigaji hiti yake mwende nyumbani. Hilo la mwisho nililiandika harakaharaka, maana chai ilikuwa imeshaletwa.

Kuna mtu mwingine anayeguswa na uamuzi huo, naye ni mrushaji. Pointi zikiingia kwa kosa la mlinzi, mrushaji hana lawama. Zikiingia kwa hiti, zote zinaandikwa juu yake. Kwa hiyo kila ninapoandika kosa namwokoa mrushaji na kumzamisha mlinzi, na nikiandika hiti inakuwa kinyume chake. Kwa miaka kadhaa sikuliona hilo kuwa jambo la kumkosesha mtu raha. Kisha mrushaji akawa binti yangu, na mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu akawa binti wa marehemu dada yangu.

Dada alifariki mtoto akiwa darasa la pili. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ukoo ulipokaa baada ya arobaini, kule juu mlimani, hakuna aliyeuliza atakwenda kwa nani. Nilikuwa nimeshafunga nguo zake. Mama yetu mkubwa alinishika mkono, akauvuta mpaka nikainama.

“Huyu sasa ni wako,” aliniambia. “Tusije tukasikia huku unamtofautisha.”

Nikamwambia hamtasikia. Na kweli hawakusikia. Nilikuwa mkali katika jambo hilo kuliko ilivyohitajika. Nguo za Idi yeye ndiye aliyechagua kwanza. Kitanda cha karibu na dirisha kikawa chake. Wangu akirudi amechafuka nilimfokea mpaka majirani wakapunguza redio wasikilize vizuri. Yule akirudi na uchafu ule ule nilimpelekea maji ya kuoga. Wangu nilimchapa, sifichi. Yule sikumgusa hata kwa ukucha. Aliniita mama tangu wiki ya kwanza, na kila alipoita nilishukuru moyoni kwamba dada, huko aliko, anasikia.

Wasichana wenyewe walipendana kupita kiasi. Mwachie mwenzio, ndilo neno lililosikika zaidi nyumbani kwetu, nao wakalishika mno. Kipande cha mwisho cha nyama kilibaki kwenye sinia mpaka mchuzi ukaganda, huyu akisema kula wewe, yule akisema nimeshiba, na wote wawili waongo. Mara nyingi nilikila mimi, kwa hasira.

Walimaliza kidato cha nne pamoja, wakapata matokeo yale yale mabaya: si sifuri, lakini si ya kupangiwa shule na serikali. Walikaa nyumbani, wakapika, wakafua, wakacheza softiboli na timu ya mtaa. Mimi nilizunguka kila mahali kuuliza nafasi nikarudi na vumbi la viatu. Mshahara wa mwalimu unaujua mwenyewe.

Ndipo kaka yangu mkubwa akaja kutoka Kisaki. Mguu mmoja ulikuwa umeanza kumkatalia kwa sababu ya sukari, shemeji alikuwa ametangulia mbele ya haki, na duka lake la karibu na stesheni lilikuwa linamshinda. Wasichana wakamwamkia, “Shikamoo, mjomba,” akaitikia, “Marahaba, wanangu,” akawasubiri waende jikoni. Kisha akanitazama.

“Mdogo wangu, nipe mmoja.”

“Yupi, kaka?”

“Sichagui mimi. Huyo atakayekosa shule.”

Ningemkatalia vipi? Ndiye aliyetusomesha mimi na marehemu, kwa duka hilo hilo. Na kwetu neno la mjomba juu ya watoto wa dada zake si ombi, hata likisemwa kwa sauti ya kuomba. Angekuja na ubabe ningepigana naye, napenda kupigana na wababe. Lakini alikaa pale ameunyoosha mguu wake mgonjwa kwenye mkeka, mpole, ananiomba radhi kwa macho, na upole wake ndio ulionimaliza. Nilimwambia anipe wiki chache.

Nilijua maana yake. Duka halina likizo. Atakayekwenda Kisaki atapima sukari na mchele mpaka shule iwe kitu alichowahi kukisikia, na hakuna atakayemlaumu mtu yeyote, kwa kuwa atakuwa amekwenda kwa mjomba wake. Nilitoka na ndoo nikalie bombani, mahali ambapo mtu akilia anaonekana ananawa uso. Maji yalikuwa yamekatika. Nikarudi na ndoo tupu na kilio changu.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa michezo wa chuo kimoja binafsi kinachofundisha kazi za maabara alikuja kutazama mazoezi yetu. Chuo kilikuwa kinaunda timu ya wasichana, na kilikuwa tayari kumsomesha bure mchezaji mmoja. Mmoja tu. Alitazama timu nzima, akabaki na wangu hao wawili, mrushaji na mlinzi. Hakuwa na nafasi ya kuja kwenye mechi ya Jumamosi. Akasema karatasi ya mchezo itaamua: atatazama pointi za mrushaji na makosa ya mlinzi, na mwenye karatasi safi ndiye atakayemchukua.

“Mwalimu mwenzangu,” nilimwambia, “wote wawili ni watoto wangu. Tafuta mtu mwingine aandike.”

Akacheka kwa furaha kabisa. “Wote wakiwa wako si ndiyo vizuri? Huwezi kupendelea.”

Sijawahi kusikia mtu akisema upumbavu kwa nia njema kiasi kile. Nilimwendea mwamuzi wetu, Mnyamwezi, mtani wangu wa siku zote, nikamsihi aniletee mtu yeyote anayejua hata nusu ya zile alama. Akaniambia, “Nyie Waluguru mkipewa kazi ya kukaa kivulini mnalia. Nani mwingine anajua hayo madudu yako?” Nilimtukana, akanitukana, tukacheka kama kawaida.

Jumamosi ilikuwa na wingu juu ya mlima na jua chini. Nilikaa kwenye kiti changu nikiomba dua ya ajabu: mmoja wao avurunde mapema, waziwazi, kila mtu aone, mimi niandike tu kama karani. Mama gani anaomba mtoto wake avurunde? Na sikumtaja ni yupi. Hawakuvurunda. Binti yangu alirusha kama aliyepandwa na kitu. Wapigaji waliingia na kutoka. Binti wa dada alikuwa kila mahali, akidaka mipira iliyotoka kwenye mawe, akirusha kituo cha kwanza bila hata kutazama. Raundi baada ya raundi karatasi yangu ilibaki nyeupe pale nilipoogopa kuandika. Nilianza kudhani kwamba labda mwalimu yule wa chuo akiona wote wako safi atawachukua wote. Mtu akikata tamaa hushika chochote.

Raundi ya mwisho, tukiwa tunaongoza, wapinzani wakiwa wamebakiza mtu mmoja tu wa kutoka, walikuwa na wakimbiaji kwenye kituo cha pili na cha tatu. Msichana mnene mwenye mikono mizuri akaupiga mpira kutoka chini. Ukapaa juu, juu kabisa, bila kwenda mbali. Kila mtu uwanjani alijua mechi imekwisha, maana mpira wa namna ile unadakwa hata na aliyefumba jicho moja.

Ulikuwa unashuka nyuma ya mrushaji, mbele ya mlinzi. Binti yangu akarudi nyuma hatua chache. Binti wa dada akaja mbele. Mlinzi anayeutaka mpira anapaswa kupaza sauti aseme, wangu! Nilingoja kulisikia neno hilo kutoka kwa yeyote kati yao. Nikasikia sauti mbili kwa pamoja, zikisema neno moja.

“Chukua!”

Wakasimama wakitazamana, na mpira ukaanguka katikati yao, ukadunda kidogo, ukatulia kwenye majani. Wakimbiaji wawili wakafika kituo cha nyumbani, pointi mbili. Mpigaji aliyefuata alitolewa kwa urushaji wa kwanza, tukashinda, na timu nzima ikaanza kuruka na kuimba. Mimi nilibaki kwenye kiti na kalamu.

Mpira ulikuwa karibu zaidi na binti wa dada. Mrushaji hufundishwa kuwapisha walinzi kwenye mipira ya kupaa, nami ndiye niliyewafundisha. Lakini jua lilimpiga mlinzi usoni. Lilimpiga, au nilitaka limpige? Na walisita, na kusita ni kosa la kichwa, nalo haliandikwi. Lakini hawakusita kwa kutojua. Kila mmoja alijua kabisa alichokuwa anafanya. Walikuwa wanaachiana shule mbele ya macho yangu. Kipimo kinasema juhudi ya kawaida. Ni mkufunzi gani aliyewahi kufikiria watoto wa namna hii?

Nikiandika kosa la mlinzi, mrushaji anabaki safi, anakwenda chuo, na yatima anakwenda Kisaki. Kule mlimani watasema nimemtupa mtoto wa marehemu kwa kalamu, na wakisema nitawajibu nini? Nikiandika kosa la mrushaji, au nikiandika hiti na zile pointi mbili zikamwangukia, kwa vyovyote ni wangu anayechafuka. Nilihesabu, nikahesabu tena, mimi mwalimu wa hesabu, na kila njia ilitoa mtoto mmoja. Nilimwomba Mungu mvua ishuke inyeshee karatasi. Wingu likabaki kule kule juu.

Mwamuzi alikuja kutia sahihi. “Bado tu? Andika, mtani, watu wana njaa.”

Ukiwa na shaka, mpe mpigaji. Nikaandika hiti.

Binti yangu alikuja akihema, jasho linamtiririka shingoni. Wote wawili walijua kuzisoma zile alama, maana niliwafundisha mezani kwetu. Aliinama begani kwangu.

“Mama, umeandika nini?”

Nikamsogezea karatasi. Alitazama kile kijisanduku, akatazama pointi mbili zilizo mbele ya namba yake. Nilijiandaa kwa kelele. Nilizitaka kelele, huyu amerithi mdomo wangu, ana haki ya kuutumia. Angesema lolote siku ile ningelipokea.

“Haya, mama,” alisema. Akachukua glovu yake akaenda kuimba na wenzake.

Jumatatu nilipeleka karatasi. Mwalimu wa chuo aliipitishia kidole, akatikisa kichwa kwa kumsikitikia mrushaji, akaandika jina la mlinzi. Akanipongeza kwa mwandiko mzuri. Nilitoka pale nikapita njia ya mbali, nikakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa mpaka mlinzi wa pale akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia ndiyo.

Kaka hakuuliza lolote nilipompigia simu kumwambia ni yupi. Akasema, “Haya, nitamtunza.” Najua atamtunza. Hilo halijawahi kunisaidia kupata usingizi.

Tulimsindikiza stendi asubuhi. Njia ya Kisaki wakati ule ilikuwa imeharibika kwa mvua, na kondakta alikuwa anawapanga watu na mizigo kwa matusi. Niligundua binti yangu amefunga kanga zake ovyo ovyo, zinachungulia kwenye begi, nikamfokea pale pale mbele ya abiria wote. Nilimwambia hajui kukunja kitu, hajui kujitunza, atamwaibisha mjomba wake. Sauti yangu ilipanda mpaka watu wakageuka. Akacheka, akanikumbatia nikiwa bado nafoka, akapanda. Basi liliondoka nikiwa sijamaliza sentensi. Nililia barabarani bila ndoo wala bomba la kujifichia.

Binti wa dada ndiye aliyekuwa amebeba begi mpaka pale. Hakulia. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele kidogo, mimi nyuma, na tulipopita karibu na uwanja akapunguza mwendo mpaka nikamfikia.

“Mama, ule mpira ulikuwa wangu.”

“Kulikuwa na shaka,” nikasema.

“Hakukuwa na shaka. Nilikuwa chini yake kabisa.”

“Jua lilikupiga usoni.”

“Jua lilikuwa nyuma yangu.”

Nikaanza kumweleza sheria. Nilimweleza habari ya kusita, habari ya shaka, habari ya mkufunzi na semina. Nilisikia sauti yangu inavyokwenda, taratibu, yenye subira, sauti ninayoitumia na wazazi wa watoto wa watu wanapokuja shuleni. Aliniacha nimalize. Ana adabu huyu mtoto, hajawahi kunikatiza.

“Ingekuwa dada ndiye amesimama pale nilipokuwa,” alisema, “ungemwandikia kosa.”

Nikafungua mdomo kusema hapana.

“Ungemwandikia, mama. Usingefikiria hata kidogo. Na ungemfokea kuanzia uwanjani mpaka nyumbani.” “Mimi hujawahi kunifokea. Toka nimekuja kwako nangoja.”

Watu walikuwa wanapita, wengine wananijua, wananisalimia. Nilitaka kumfokea pale pale, kwa nguvu zangu zote, wote wasikie. Nilimshika bega, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma, na kilichotoka ni, “Pole, mwanangu.”